Kilomita 4,265 kwa Miguu: Dhana Potofu Kuhusu Kujiandaa kwa Pacific Crest Trail

Pacific Crest Trail ni njia ya miguu inayoanzia Campo, kijiji kilichopo kwenye mpaka wa Marekani na Mexico, ikapita majimbo ya California, Oregon na Washington kwa kufuata migongo ya milima ya Sierra Nevada na Cascade, na kuishia mpakani mwa Kanada baada ya kilomita 4,265 hivi. Iliwekwa katika sheria ya Marekani mwaka 1968, siku moja na Appalachian Trail ya upande wa mashariki, ingawa kazi ya kuiunganisha yote haikukamilika hadi mwaka 1993. Anayeitembea kutoka mwanzo hadi mwisho kwa msimu mmoja hutumia takriban miezi mitano. Dhana nyingi potofu kuhusu maandalizi yake zina mzizi mmoja, nao ni kwamba watu huifikiria kama mlima mrefu kupita kiasi, ilhali ni safari ndefu kupita kiasi, na safari huandaliwa kwa njia nyingine kabisa.

“Aliyefika kilele cha Uhuru ataiweza”

Kwa upande wa kimo, hoja hii inaonekana kuwa na nguvu. Uhuru iko mita 5,895 juu ya usawa wa bahari, na mahali pa juu kabisa pa Pacific Crest Trail, yaani kipito cha Forester Pass katika Sierra Nevada, ni mita 4,009 tu. Lakini Kilimanjaro hupandwa kwa siku chache, kwa kawaida kati ya tano na tisa, na mgeni huongozwa na mwongozaji ambaye kanuni za hifadhi zinamlazimu kuwa naye. Hema, chakula, sufuria na mtungi wa gesi hubebwa na wapagazi, wagumu kama wanavyoitwa mlimani, kila mmoja akiwa na mzigo usiopaswa kuzidi kilo 20. Mgeni mwenyewe hubeba maji yake, koti la mvua na pengine kamera. Akishuka, anaoga, anaagana na watu wake na safari imekwisha.

Njiani kutoka Campo hakuna mgumu wala mwongozaji. Kila kitu kinakaa katika shanta lako, na kesho yake unaamka kulibeba tena, siku 150 mfululizo ukiondoa zile za kupumzika mjini. Kinachowarudisha watu nyumbani kwa kawaida si uhaba wa hewa bali malengelenge yaliyooza, mishipa ya miguu iliyovimba kwa sababu ya kukimbilia kilomita nyingi katika wiki mbili za kwanza, magoti, upweke, na fedha kuisha mapema kuliko ilivyotarajiwa. Kwa hiyo zoezi lenye manufaa kuliko yote ni lile linaloonekana kuwa la kawaida mno: kutembea na shanta lililojaa, siku mbili au tatu zikifuatana, kwenye miinuko na miteremko, ukiwa umevaa viatu vilevile utakavyovivaa njiani. Chumba cha mazoezi kinajenga misuli ya mapaja. Ngozi ya nyayo na mishipa ya kisigino vinakomazwa na njia peke yake.

Hesabu ya mwendo nayo huwapotosha wengi. Kilomita 4,265 ukizigawa kwa siku 150 unapata kilomita 28 na ushei kwa siku, na ukitoa siku 20 za mapumziko, zinakuwa karibu 33. Mtu akiona tarakimu hiyo huanza kuikimbilia tangu siku ya kwanza. Wenye busara huanza na kilomita 15 hadi 20, wakaacha mwili uzoee, kwa kuwa huko Oregon, ambako njia ni nyepesi na miguu imekwisha kukomaa, kilomita 40 kwa siku si jambo la ajabu.

“Viatu vizito na vifaa vingi ndiyo usalama”

Buti la ngozi lililo juu ya kifundo cha mguu lina sifa kubwa katika picha, lakini wengi wa wanaotembea njia hii leo huvaa viatu vyepesi vya kukimbilia vilimani. Sababu yake ni maji. Mtu atavuka vijito mara nyingi kwa siku moja huko Sierra, na buti likishalowa ndani linaweza kukaa siku mbili bila kukauka, ilhali kiatu chepesi hukauka mguuni kwa saa chache. Nyayo hutanuka kwa sababu ya mwendo na joto, hivyo kiatu hununuliwa kikiwa kikubwa kwa nusu saizi au saizi nzima. Pia usitarajie jozi moja ikufikishe Kanada, kwa maana utahitaji nne, tano au hata sita, na gharama hiyo lazima iingie kwenye bajeti kabla ya kuondoka.

Kuhusu mzigo, kipimo wanachokitumia wazoefu ni uzito wa shanta kabla ya kuweka chakula, maji na gesi. Ukiwa chini ya kilo 9 hivi, uko pazuri. Juu ya hapo, kila kitu ulichokiweka “endapo kitahitajika” kitakudai ushuru katika kila kilima, na masanduku ya vitu vya kuwapa wengine bure katika vituo vya mwanzo vya njia hii yanajaa vitu vya aina hiyo hiyo kila mwaka.

“Kusini ni jangwa, kwa hiyo ni tambarare na joto, na ukishalivuka shida ya maji imekwisha”

Hapa kuna makosa matatu katika sentensi moja, na ndiyo sehemu inayostahili kuchukua muda mwingi wa mtu anayejiandaa.

Kilomita 1,130 za kwanza, kutoka Campo hadi Kennedy Meadows, kituo kilicho mlangoni mwa Sierra, huitwa jangwa na kila mtu, lakini njia hupanda na kushuka humo karibu kila siku. Kwenye milima ya San Jacinto hupita zaidi ya mita 2,700, na anayeanza mwezi Machi au mwanzoni mwa Aprili anaweza kukuta huko barafu ngumu juu ya mteremko mkali. Watu wameteleza wakafa hapo, wakiwa kwenye sehemu waliyoambiwa ni ya jua. Mtu anahitaji kuwa na miiba ya chuma ya kufunga viatuni na ajue kuitumia, pamoja na ujasiri wa kushuka mjini akasubiri siku nne hali ikiwa mbaya.

Maji ni hesabu. Lita moja ina uzito wa kilo moja, na makadirio ya kuanzia ni lita moja kwa kila kilomita 8, yakiongezwa jua likiwa kali na yakiongezwa tena ikiwa utapika na kulala kabla ya kufika kisima kingine. Kutoka Campo hadi Lake Morena ni kilomita 32 ambazo kwa sehemu kubwa ya msimu hazina maji ya kutegemea. Hizo ni lita 4 za kutembelea peke yake, siku ambayo mwili haujazoea chochote. Na ukame hauishi jangwani. Ukingo wa Hat Creek, ulio mbali sana kaskazini mwa California, una karibu kilomita 48 zisizo na chemchemi njiani, na msafiri huufikia katikati ya kiangazi, baada ya wiki kadhaa za Sierra ambako alizoea kuchota kila saa moja.

Ufumbuzi wa wasafiri wa leo ungewachekesha wapagazi wa Kinyamwezi, maana wao waliujua zamani. Wageni walioandika habari za misafara ya karne ya 19 kati ya Bagamoyo na Ujiji walilinukuu neno tirikeza, yaani mwendo wa alasiri. Msafara ulipokaribia nchi kavu kama Marenga Mkali, kabla ya kuingia Ugogo, watu walipika na kunywa mchana penye maji, wakajaza vibuyu, wakaondoka jua likianza kupoa, wakalala katikati ya ukame bila kuwasha jiko, na alfajiri wakaendelea hadi maji yaliyofuata. Hivyo ndivyo afanyavyo msafiri mwerevu wa Pacific Crest Trail: anakula chakula chake kikuu kisimani saa kumi jioni, anatembea saa tatu zaidi na kulala pakavu, kwa kuwa hahitaji tena maji ya kupikia wala ya kuosha sufuria. Anaokoa lita mbili za mzigo, na jua la adhuhuri linamkuta kivulini.

Kuna wasamaria wema wanaoacha madumu ya maji kando ya njia. Shukuru ukiyakuta yamejaa, lakini usiyaweke kwenye mpango wako, kwa sababu aliyekutangulia naye alikuwa na kiu.

“Chakula chote lazima kitumwe kabla”

Wapo wanaokaa sebuleni miezi miwili wakipakia masanduku 25 ya posta, kila moja likiwa na wali mkavu wa aina moja na karanga za aina moja. Kufikia sanduku la sita, harufu yake inawatia kichefuchefu. Mwili unaotembea siku nzima unadai kalori hata mara mbili ya kawaida, na hauagizi kitu kilekile daima. Miji na maduka yapo karibu na sehemu nyingi za njia, kwa umbali wa siku nne hadi saba kati ya kituo na kituo, na kununua huko huko ni rahisi zaidi na mara nyingi ni nafuu kuliko gharama za posta.

Sanduku lina kazi yake mahali ambapo duka ni dogo au halipo. Mfano mzuri ni Stehekin, huko Washington, kijiji kisichounganishwa na barabara yoyote ya nje. Hufikiwa kwa mashua ya Ziwa Chelan, kwa ndege ndogo, au kwa miguu. Kina posta, na kina tanuri la mikate ambalo wasafiri hulizungumzia kuanzia Oregon. Chakula cha siku moja kina uzito wa gramu 700 hadi kilo nzima, kwa hiyo siku saba ni kilo kati ya 5 na 7 zikiongezwa juu ya yote yaliyokwishatajwa.

“Hatari kubwa ni wanyama”

Dubu wa kahawia aliye kwenye bendera ya California alikwisha kutoweka jimboni humo takriban karne moja iliyopita. Waliobaki ni dubu weusi, ambao hutafuta chakula chako na si wewe, na ndiyo maana katika sehemu kubwa ya Sierra sheria inakulazimu kukihifadhi ndani ya kopo gumu wasiloweza kulifungua.

Mto ndio wa kuogopwa. Theluji ya Sierra huyeyuka kwa jua la mchana, hivyo kijito ulichokivuka asubuhi kwa maji ya magotini kinaweza kufika kiunoni jioni, tena kwa kasi ya kumng’oa mtu mzima. Katika msimu wa 2017, baada ya majira ya baridi yenye theluji nyingi, wasafiri wawili walizama huko kwa nyakati tofauti. Piga hema kabla ya mto mkubwa uuvuke alfajiri, fungua mkanda wa shanta kiunoni ili uweze kulitupa ukianguka, na panda au shuka kando ya mto hata kilomita mbili kutafuta mahali mto ulipotanuka, kwa sababu penye upana ndipo penye kina kifupi.

“Nitapika kwa kuni, na simu itaniongoza”

Moto wa kuni umepigwa marufuku katika sehemu nyingi za njia wakati wa kiangazi. Beba jiko dogo la gesi, na hata hilo linahitaji kibali cha moto cha California, kinachotolewa bure mtandaoni baada ya kujibu maswali mafupi. Simu yenye ramani zilizopakuliwa ni chombo kizuri sana hadi baridi inapoua betri. Ramani ya karatasi haina tatizo hilo. Kifaa cha kuomba msaada kwa setilaiti kinaita waokoaji, lakini kinaweza kuwaita leo nao wakafika kesho.

“Kibali cha njia kinanitosha”

Kibali cha safari ndefu hakina malipo, hutolewa na Pacific Crest Trail Association kwa niaba ya idara ya misitu ya Marekani, na wanaoruhusiwa kuanzia mpaka wa Mexico ni 50 tu kwa siku. Hakihusiani kabisa na viza. Mkenya anayeingia kwa viza ya matembezi hupewa na ofisa wa uhamiaji muda usiozidi miezi sita kwa kawaida, na muda huo huanza kuhesabiwa uwanjani, si Campo. Siku za kununua gesi na kumalizia vifaa San Diego zimo humo, na siku za kurudi uwanja wa ndege zimo humo pia. Upande wa pili wa kalenda unafungwa na theluji, ambayo huanza kurudi Washington mwishoni mwa Septemba au Oktoba, na pengine na moto wa msituni unaofunga sehemu za njia mwezi Agosti bila kujali mpango wa mtu.

Jambo la mwisho limebadilika karibuni. Zamani msafiri aliweza kuomba ruhusa maalumu ya kuingia Kanada kwa njia yenyewe, akaendelea hadi barabara kuu ya Manning Park. Kanada ilisitisha utaratibu huo mwaka 2025. Sasa unafika kwenye nguzo za mbao za mpakani, unazigusa, kisha unageuka na kutembea kilomita 48 kurudi Harts Pass, barabara ya karibu zaidi upande wa Marekani. Kwa hiyo chakula unachokichukua Stehekin si cha kilomita 130 za kwenda tu. Ongeza cha siku mbili za kurudi.