Pampu haikimbizwi: neno "run" na vurugu zake

Kazi yangu ni kutafsiri, hasa vile vitabu vya maelekezo vinavyokuja ndani ya boksi la mashine ambavyo watu hawasomi mpaka mashine iharibike. Sasa mwanzoni kabisa nilipewa cha pampu ya maji, kulikuwa na onyo kwa herufi kubwa, "do not run the pump dry", na mimi kwa haraka zangu nikaandika USIKIMBIZE PAMPU IKIWA KAVU. Ikapita hivyohivyo. Wiki mbili baadae fundi mmoja akanipigia, "Kaka samahani, hapa mmeandika tusiikimbize pampu, kwani nani alitaka kuikimbiza, na tuikimbize twende nayo wapi?"

Nilicheka ila jasho lilinitoka, maana lile onyo sio la mapambo, pampu nyingi hupoozwa na kulainishwa na yale maji yanayopita ndani yake, ukiiwasha tupu sili, ile inayozuia maji yasivuje, inaungua chap. Kilichotakiwa ni "usiwashe pampu bila maji", basi.

Toka siku hiyo hili neno "run" naliogopa kwa heshima. Sio mimi tu. Ile kamusi kubwa ya Oxford, toleo la pili la 1989, neno lililokuwa na maana nyingi kuliko yote lilikuwa "set", lakini walivyoanza kuipitia upya mhariri Peter Gilliver akakaa na "run" kama miezi 9, akatoka na maana 645, na hapo ni kitenzi peke yake bado hujagusa nomino, "a run". Sababu moja kubwa ni mashine. Treni, injini, viwanda, baadae kompyuta, kila kilichokuja kikitembea chenyewe Waingereza wakakivisha "run".

Lakini siri ya neno lenyewe ni ya zamani zaidi ya treni. Kwenye Kiingereza cha kale lilikuwa pia neno la maji, kutiririka, na Wajerumani mpaka leo wana "rinnen" ya kutiririka na "rennen" ya kukimbia, ndugu kabisa. Kwa hiyo ukiona run usiwaze miguu, waza kitu kinachokwenda bila kukatika. Bomba linamwaga, pua inatoka kamasi, mashine inafanya kazi, basi linapita kila saa, mkataba una miaka 3, ugonjwa uko kwenye ukoo, kanga mpya inachuja rangi kwenye beseni, zote hizo kwa Mwingereza ni run na kwetu kila moja ina kitenzi chake. Hiyo ya kanga ndo naipenda kuliko zote kwa sababu "kuchuja" ni neno ambalo mashine za kutafsiri huwa hazilikumbuki, zinakuletea "rangi zinakimbia" kama vile zimeona askari.

Ninachofanya mimi ni kuangalia kwanza nani au nini kina-run, alafu nini kimefuata baada yake. Run a shop ni kuendesha duka. Run a test hospitali ni kufanya kipimo. Run a fever ni kuwa na homa, hakuna mtu anaikimbiza homa. Na hivi vijineno vya nyuma ndo vinaua kabisa, "run into" mtu ni kukutana nae bila kutegemea lakini run into ukuta ni kuugonga, "run over" mtu ni kumgonga na gari, "run out of" sukari ni kuishiwa, "run up" deni ni kulilimbikiza lakini run up bendera ni kuipandisha. Down sitaki hata kuianza, betri imeisha, mtu kachoka, mtu kagongwa, mtu kasemwa vibaya, zote run down. Na tafadhali kama unakalimani hospitali, mgonjwa akisema "I have the runs" anaharisha, hafanyi mazoezi.

Uchaguzi nao una kichekesho chake. Mmarekani anayetaka urais ana-run, Mwingereza anayetaka ubunge anasimama, "stand", sisi tunagombea, yaani wale wanakimbia, hawa wamesimama, sisi tunavutana mashati. Ingawa chama nacho huku kinamsimamisha mgombea, kwa hiyo tuna vyote.

Tusijifanye Kiswahili hakina hayo lakini. Unit za umeme wa luku zinakimbia, na Mwenge wa Uhuru unakimbizwa nchi nzima, huku gari la safari ndefu tunasema linatembea. Na "bank run" inakaa vizuri kabisa ukiiongezea "kukimbia" kale kasilabi ka -li-, watu kukimbilia benki kutoa hela zao, kama Silicon Valley Bank kule Marekani tarehe 9 Machi 2023, wateja walitaka kutoa dola bilioni 42 siku moja na kesho yake benki ikafungwa. Wengi wao hata hawakutoka kwenye kiti, walibonyeza simu tu, ila kukimbilia ni kukimbilia.

Yule fundi namba yake bado ninayo. Juzi nimekwama kwenye "the engine runs rough", nimeandika injini inaenda vibaya, nikafuta, inaunguruma kwa kukwaruza, nikafuta, mwisho nikampigia nikamwelezea inavyolia na inavyotetemeka, akanikata katikati: "Si inamisi hiyo, kaka."

Nikaandika inamisi.