Uzito Umerudi Baada ya Upasuaji: Je, Upasuliwe Tena?

Anayerudi kliniki miaka minne au mitano baada ya kupunguzwa mfuko wa chakula mara nyingi huingia ameinamisha kichwa. Kabla hatujasalimiana vizuri ameshajishtaki: "Daktari, nimeharibu mwenyewe." Aibu hiyo hunipa kazi kuliko uzito wenyewe, maana humfanya adai kisu upesi, na bado hatujajua kilichotokea.

Tuanze na hesabu. Wengi hufika uzito wao wa chini kabisa kati ya mwaka wa 1 na wa 2, kisha kilo chache hurudi. Utafiti mkubwa wa Sweden ulioanza mwaka 1987 ulikuta waliopasuliwa wamepungua kwa wastani wa asilimia 23 baada ya miaka 2, na asilimia 17 baada ya miaka 10. Kwa hiyo aliyekuwa na kilo 130, akashuka hadi 85 na leo ana 93, hajashindwa, hata kama gauni la harusi ya mdogo wake limeanza kumbana. Aliyetoka 130 akafika 88 na leo ana 122, huyo inabidi tukae naye chini.

Kwanza tunazungumza chakula, na hapa sina haraka. Mfuko mdogo huzuia bonge la ugali na nyama. Vitu laini hupita tu. Chai ya maziwa yenye vijiko vitatu vya sukari, soda, juisi ya pakiti, andazi lililochovywa kwenye chai: vyote huteleza bila mtu kuhisi ameshiba. Wapo wanaokula kidogo sana mezani, halafu wanadokoadokoa mchana kutwa, na wakiulizwa husema kweli kabisa kwamba hawali. Kwa mtu wa namna hii upasuaji wa pili utakutana na chai ileile.

Pili, tunaangalia dawa anazotumia. Steroidi, insulini, sindano ya uzazi wa mpango ya miezi mitatu, na baadhi ya dawa za kifafa na za magonjwa ya akili huweza kuongeza uzito. Usiache dawa kwa uamuzi wako. Njoo nazo zote kwenye mfuko tuzitazame. Tunapima pia tezi ya shingo, na tunauliza kuhusu usingizi, msongo wa mawazo na pombe.

Ndipo tunaangalia mfuko wa chakula wenyewe, kwa kamera inayopitishwa mdomoni na kwa eksirei unayopigwa huku ukinywa bariamu, maji meupe yanayoonekana kwenye picha. Mfuko uliokatwa ukabaki kama mrija unaweza kuwa umetanuka, au sehemu ya juu iliachwa kubwa tangu mwanzo. Kwa aliyetengenezewa kifuko kidogo kikaunganishwa na utumbo, huweza kutokea njia kati ya kifuko hicho na mfuko wa zamani, chakula kikapita huko. Mpira uliofungwa juu ya mfuko huweza kuteleza. Tukikuta kasoro kama hizi, mpasuaji ana kitu cha kurekebisha. Vivyo hivyo kwa mwenye mrija anayeteswa na kiungulia kisichosikia dawa: kumbadilishia kwenda kuunganishwa na utumbo ni uamuzi ninaoutetea bila kusita.

Vipimo vikiwa safi, mimi huvuta breki. Upasuaji wa pili hupita kwenye makovu, hivyo hatari ya mishono kuvuja na ya kutokwa damu huwa kubwa kuliko mara ya kwanza, na kilo zinazopungua kwa kawaida huwa chache. Ukiunganishwa na utumbo, vidonge vya madini na vitamini, hasa chuma, kalsiamu na B12, ni vya maisha. Sigara iachwe. Diclofenac ya kununua duka la dawa kila mgongo ukiuma nayo iachwe, kwa sababu huleta vidonda pale kwenye mshono.

Wengine huuliza kuhusu puto linalowekwa ndani ya mfuko wa chakula ili mtu ashibe upesi. Kwa kawaida haliwekwi kwenye mfuko uliokwisha kupasuliwa. Sindano za kila wiki za kupunguza uzito, kama semaglutaidi, zinaweza kumsaidia aliyepasuliwa, na mara nyingi napenda zijaribiwe kabla ya kisu. Ila ni ghali, na ukiziacha sehemu kubwa ya uzito hurudi.

Ukija, leta ripoti ya upasuaji wa kwanza, ile inayoeleza kilichokatwa na kilichounganishwa. Picha za kabla na baada hazitusaidii. Kama ulipasuliwa India au Uturuki, iandikie hospitali hiyo uiombe. Na kama unafikiria kurudi huko kwa mara ya pili, uliza kabla ya kulipa: mshono ukivuja wiki ya pili, nikiwa nimesharudi nyumbani, nani atanifungua, na kwa gharama ya nani?