Deizi zisizostahimili jalidi ni zipi?

Mkulima wa maua akisema deizi fulani haistahimili jalidi, yaani baridi ya kugandisha, hana maana kwamba ni ua la msimu mmoja. Huo ni mmea wa kudumu. Kwao huishi miaka kadhaa, na kwa aina nyingine shina hukomaa likawa gumu kama la kichaka. Katika nchi zenye majira ya baridi kali, kinachouua ni barafu wala si uzee. Ndiyo maana inasikitisha kuona watu wakiung'oa na kuutupa kila mwaka ungali na nguvu ya kuchanua tena.

Argyranthemum frutescens, deizi ya vichaka yenye maua meupe, asili yake ni Visiwa vya Kanari. Osteospermum nyingi za bustanini, gerbera na deizi ya bluu ya Felicia zina asili ya kusini mwa Afrika. Halijoto ikishuka chini ya nyuzi 0, maji yaliyo nje ya seli huanza kuganda, na barafu hiyo huvuta maji yaliyo ndani ya seli mpaka utando wake unaharibika. Asubuhi majani huwa meusi, yamelegea. Maji yanayotuama huzidisha hatari: deizi iliyo kwenye udongo unaopitisha maji vizuri inaweza kuvumilia baridi ambayo ingeiozesha mizizi kwenye tope.

Mmea ulio kwenye chungu ni rahisi kuokoa. Upunguze matawi, uuingize mahali penye mwanga pasipogandisha, penye nyuzi 5 hivi au zaidi, na uumwagilie kidogo tu udongo unapokauka.

Lakini kwa deizi zenye matawi, njia ninayoiamini zaidi ni vipandikizi, kwa sababu havichukui nafasi na miche yake huwa na nguvu kuliko shina kuukuu. Vikate mwishoni mwa majira ya joto, usingoje jalidi ya kwanza. Chagua ncha za matawi machanga zisizo na tumba, zenye urefu wa sentimita 7 hadi 10, ukate chini kidogo ya kifundo, pale jani linapoota. Ondoa majani ya chini, kisha chomeka kwenye udongo mwepesi uliochanganywa na mchanga wa chembe kubwa. Weka penye mwanga, mbali na jua kali. Mizizi hutoka baada ya wiki chache. Hapo kila mche upate kikopo chake. Ukianza kurefuka, kata ncha yake ili utoe matawi ya pembeni. Majani yaliyokufa yaondoe mapema, maana ukungu huanzia hapo.

Majira ya kuchipua yakifika, usiikimbize miche bustanini. Kwa wiki moja au mbili itoe nje mchana na kuirudisha ndani usiku, mpaka majani yazoee upepo na jua. Ipande ardhini pale tu usiku wa jalidi utakapokuwa umekwisha.