Milimita 40 za mvua ni maji kiasi gani? Dhana potofu na ukweli wake

Masika ikishashika Tanga, kati ya Machi na Mei, kila baraza la Ngamiani na kila kijiwe cha Makorora kina mtaalamu wake wa mvua. Mmoja kasikia redioni milimita 40, mwingine kaweka ndoo uani kapata "sentimita sita", wa tatu ana daftari la zamani la shamba la mkonge lililojaa inchi. Wanabishana mpaka birika la kahawa linakauka, kumbe wote wanasema mvua ileile. Nimeona niyaweke sawa, maana kwa namba hizi mtu huamua lini apande mahindi na anunue tangi la ukubwa gani.

"Milimita 40 ni mvua ndogo, haifiki hata sentimita tano."

Kipimo cha mvua ni kina. Kinaeleza maji yangesimama kwa urefu gani kama ardhi ingekuwa tambarare, isiyonyonya wala kutiririsha, na jua lisingekausha hata tone. Kwa hiyo milimita 1 ikitandazwa juu ya mita moja ya mraba inatoa lita 1 kamili. Usawa huo ukishaukariri, hesabu nyingine zote zinafuata. Ekari moja ina mita za mraba zipatazo 4,047, kwa hiyo milimita 40 zimeshusha juu yake karibu lita 162,000. Ungetaka kuyaleta maji hayo kwa maboza ya lita 10,000, ungehitaji safari zaidi ya 16. Hapo angalia usichanganye ekari, ambayo wengi wetu tunaiita heka, na hekta. Hekta ina mita za mraba 10,000, na anayezichanganya anakosea kwa karibu mara mbili na nusu.

"Nimeweka ndoo uani, nimechovya rula, nimepata jibu."

Dhana hii ndiyo inayopotosha watu wengi zaidi. Ndoo zetu za plastiki zina mdomo mpana na kitako chembamba. Mvua inaingia kwa upana wa mdomo, halafu inajikusanya chini kwenye wembamba, na rula inasoma urefu ambao haukunyesha.

Chukua ndoo yenye mdomo wa sentimita 30 na kitako cha sentimita 22. Asubuhi umekuta maji, umeyapima kwa jagi la mililita, yametimia lita 2.5. Rula ndani ya ndoo itakuonyesha zaidi kidogo ya sentimita 6, na utatangaza mtaani milimita 60. Sasa fanya hesabu inayostahili. Nusu ya kipenyo cha mdomo ni sentimita 15. Zidisha 15 kwa 15 kwa 3.14, unapata eneo la sentimita za mraba 706.5. Gawa mililita 2,500 kwa 706.5, unapata sentimita 3.54, yaani milimita 35.4. Tofauti ya 60 na 35 si ndogo. Mkulima wa Muheza anayeamini 60 atadhani udongo umeloa kwenda chini kumbe bado.

Ndoo yenyewe haina kosa, basi. Ila usisome urefu wa maji. Pima ujazo wake, kisha ugawe kwa eneo la mdomo. Chombo chenye kuta zilizonyooka wima na kitako bapa hakihitaji mzunguko huo, rula inatosha. Na popote utakapokiweka, kikae mbali na mwembe, mnazi au ukuta, angalau mara mbili ya urefu wa hicho kikwazo. Chombo kilicho chini ya mchirizi wa bati hakipimi mvua, kinapima bati.

"Kipima mvua kipana kinapata mvua nyingi kuliko chembamba."

Kinapata maji mengi, mvua ni ileile. Mdomo ukipanuka, maji yanaongezeka na eneo la kuyagawia linaongezeka kwa kiwango hichohicho. Tatizo linakuja pale silinda ya kupimia ya kifaa kimoja, ambayo milimita zake zimechorwa kulingana na mdomo wa kifaa hicho, inapotumika kwenye kifaa kingine. Kipima mvua chenye mdomo wa inchi 5 kinakusanya mililita 12.7 kwa kila milimita ya mvua. Cha inchi 8 kinakusanya mililita 32.4. Ukimimina maji ya kile cha inchi 8 kwenye silinda ya kile cha inchi 5, jibu linavimba mara 2.56. Mvua ya milimita 20 itasomeka 51, na kwa vigezo vya Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania kinachozidi milimita 50 ndani ya saa 24 ni mvua kubwa. Umeshatia watu hofu kwa silinda isiyo yake.

"Inchi ni milimita 25, inatosha."

Inchi ni milimita 25.4. Kwa mvua ya siku moja nukta nne hizo hazionekani, ila ukijumlisha mwaka wa inchi 50, utaandika 1,250 badala ya 1,270. Hapa kwetu jambo hili lina uzito kwa sababu ya historia. Enzi za Mjerumani, aliyefungua kituo cha utafiti wa kilimo Amani mwaka 1902, vipimo vilikuwa vya milimita. Akaja Mwingereza, vikawa vya inchi. Anayeunganisha rekodi hizo lazima ajue kila ukurasa unatumia kipimo gani. Na asome nukta kwa makini: .08 ya inchi ni milimita 2, lakini .8 ni milimita 20.

"Paa lenye mwinuko mkali linavuna maji zaidi kwa sababu bati ni nyingi."

Hapana. Mvua inayoshuka wima haihesabu bati, inahesabu kivuli cha paa pale chini. Pima urefu na upana ardhini, pamoja na upenu. Paa la mita 10 kwa 8, mvua ya milimita 20, ni lita 1,600. Toa yanayoruka, yanayovuja kwenye gata na yanayokauka kwenye bati. Ukichukua asilimia 80 unabaki na lita 1,280. Tangi la lita 1,000 litafurika kwa mvua hiyo moja.

"Wametabiri mvua za wastani, basi mwaka huu ni za kawaida tu, za kati."

Katika utabiri wa msimu, wastani ni asilimia 75 hadi 125 ya wastani wa muda mrefu wa mahali hapo. Tuseme sehemu fulani wastani wake wa masika ni milimita 600. Ikinyesha 450 ni wastani, ikinyesha 750 bado ni wastani. Kwa mwenye mahindi, hiyo ni misimu miwili tofauti kabisa. Tena jumla haisemi mvua ilivyogawanyika: zinaweza kunyesha zote Aprili, halafu Mei ikabaki kavu.

"Jana mchana kulikuwa kukavu, hizo milimita 30 wamezitoa wapi?"

Vituo husoma saa tatu asubuhi na kuhesabu saa 24 zilizotangulia. Mvua ya alfajiri ya leo imo humo. Pia kituo cha uwanja wa ndege kinapima uwanja wa ndege. Raskazone inaweza kulowa chapachapa na Pongwe vumbi likawa vilevile. Ukiona "milimita 75 kwa saa", huo ni mwendo wa mvua: milimita 25 zilizonyesha kwa dakika 20 zinakwenda kwa kasi hiyo, lakini zilizoanguka zimebaki 25.

"Siku isiyo na mvua huna la kuandika."

Andika 0.0. Nafasi tupu kwenye daftari maana yake hukupima, na mwisho wa mwezi hutajua kama Jumapili ile ilikuwa kavu au ulikuwa safarini Pangani huku chombo kikijaa maji ya siku mbili. Kama kweli hukupima, weka mstari, halafu maji utakayoyakuta yaandike kuwa ni ya siku mbili.