Watolai na "sisi" zao

Juzi kuna jamaa yangu kaniambia "jioni tunaenda kula pilau la harusi", basi mi nikaoga, nikapiga pasi kanzu, nikakaa kibarazani mpaka isha, kumbe wenzangu walishaondoka kitambo na kwenye hiyo "tu" yake mimi sikuwemo! Angekuwa Mtolai asingeweza kunifanyia hivi, lugha yake isingemruhusu.

Watolai wako Papua Guinea Mpya, pande za Rabaul kisiwani New Britain, mji ule uliofukiwa na majivu ya volkano 1994. Lugha yao inajulikana kama Kuanua, wenyewe wanaiita Tinata Tuna, yaani lugha ya kweli (sijui zetu wanazionaje). Sasa cheki: mimi na wewe tu, wawili, ni dor. Mimi na mwingine, wewe haumo, amir. Tuko watatu na wewe umo, datal. Wengi na wewe umo, dat, wengi ila wewe haumo, avet. Jamaa angetamka avet ningelala zangu mapema.

Hiyo r ya dor ni mabaki ya neno "mbili", na tal ya datal ni ya "tatu", maana kuhesabu kwao mbili mpaka tano ni aurua, autul, aivat, ailima. Mgazija au mtu yeyote aliyewahi kukaa Bukini (Madagaska) hapo ataguna, kwa sababu Kimalagasi ni roa, telo, efatra, dimy, ni ukoo mmoja huo wa lugha za Kiaustronesia, wametenganishwa na bahari tu, na Wamalagasi nao wana "sisi" mbili, isika ukiwemo na izahay usipokuwemo.

Ninachokipenda zaidi ni Tok Pisin, ile lugha ya mitaani ya nchi nzima. Maneno kibao ni ya Kiingereza, lakini fikra ni za watu wa huko, na Kuanua imechangia sana, hata yai wanaita kiau kama Watolai. Humo yumi ni sisi pamoja na wewe, mipela ni sisi bila wewe. Ndo maana kwenye sala wanasema "Papa bilong mipela", maana ukisema yumi unamaanisha huyo Mungu unayemwomba ni baba yako na ni baba yake mwenyewe pia, na hapo padri lazima akukazie macho.