Tiki moja haimaanishi kuna baya: kuishi na simu mtu wako akiwa misheni

Nafanya ushauri nasaha hapa Dar na wateja wangu wengi ni familia za wanajeshi, hasa wake, saa ingine mama zao, na siku hizi hata waume maana wanawake nao wanaenda misheni, yaani kulinda amani nje ya nchi. Mimi sio mwanajeshi na sisemei jeshi, naandika ninachokiona kazini kwangu. Na ninachokiona ni kwamba mtu akija analia kuwa mawasiliano hamna, ukikaa naye kidogo unakuta shida kubwa ni kwamba wao wawili hawakuwahi kukubaliana kimya kitakuwaje. Wamepanga nani atalipa ada, wamepanga fundi wa kule kiwanjani atasimamiwa na nani, lakini hakuna aliyeuliza "nikikaa siku nne sijapatikana, wewe utafanya nini na utampigia nani?" Swali hilo wanalikwepa kwa sababu linanuka uchuro. Basi kimya kikija kila mtu anakitafsiri anavyojua.

Tuanze na huko waliko, maana wengi wanasema tu "yuko Kongo" kama vile Kongo ni mtaa. Askari wetu walienda Kongo kwa wingi 2013, baada ya Baraza la Usalama kupitisha azimio namba 2098 lililounda ile brigedi maalum ndani ya MONUSCO, misheni ya UN ya huko Kongo, yenye askari wa Tanzania na Afrika Kusini na Malawi, na kamanda wake wa kwanza alikuwa Mtanzania, Brigedia Jenerali James Mwakibolwa. Kabla ya hapo tulikuwa Darfur. Wengine wako Afrika ya Kati chini ya MINUSCA, kule Berberati, na Lebanon nako Tanzania imepeleka watu UNIFIL. Sasa ukiangalia saa tu, Goma na Beni kule Kongo wako nyuma yetu kwa saa moja, Berberati wako nyuma kwa saa mbili, Lebanon majira ya joto saa zetu ni sawa na majira ya baridi wanarudi nyuma saa moja. Linaonekana dogo ila nimeona ugomvi wa wiki nzima umeanzia hapo, mama ameshalaza watoto saa nne usiku anasubiri simu, mwenzake Berberati ndo kwanza saa mbili, yuko kwenye chakula, anasema ngoja nimalize nioge nipige kwa utulivu, akipiga huku mtu ameshalala na hasira zake.

Halafu kuna tofauti ya kambi kubwa na vituo vidogo. Kambi kubwa huwa na intaneti, kwenye misheni za UN hata imo kwenye makubaliano kwamba nchi inayopeleka askari inawawekea watu wake intaneti kama sehemu ya ustawi wao na UN inairudishia nchi gharama. Lakini intaneti ya kambi ikitumiwa na mamia ya watu saa moja usiku, wote wanataka kuona watoto, unajua wenyewe inavyokuwa. Na askari hakai kambini muda wote. Anapelekwa kituo cha mbele porini wiki mbili tatu, huko mtandao ni kupanda kwenye kichuguu kutafuta laini moja ya nchi ile, na simu inachajiwa jenereta ikiwashwa. Akiwa doria simu anaiacha au anaizima, ndo taratibu. Kwa hiyo tiki moja kwenye WhatsApp inakwambia kitu kimoja tu, kwamba meseji haijafika kwenye simu yake. Haikwambii kwa nini. Mbili za kijivu zinasema meseji imefika kwenye simu, hazikwambii kama simu iko mfukoni au iko kwenye sanduku. Nasisitiza kwa sababu kuna watu wanakesha na zile tiki, wanafungua kila dakika kumi kuangalia alionekana lini mara ya mwisho, na asubuhi wanaenda kazini hawajalala. Huwa nawaambia wazime hiyo "last seen" pande zote mbili, wengine wananikasirikia mwanzoni wanaona namtetea mwanaume.

Sasa kuna kimya kingine ambacho ndicho watu hawakijui kabisa. Likitokea tukio baya, mara nyingi mawasiliano ya kambi nzima yanafungwa au askari wote wanaambiwa marufuku kugusa simu. Wamarekani Iraq na Afghanistan walikuwa na desturi hiyo wazi kabisa na walikuwa na jina lake, River City, intaneti na simu za askari zinakatwa mpaka familia ya aliyeumia au kufa iwe imeambiwa rasmi. Sababu ni ya kibinadamu, mke asije akajua msiba wake kupitia grupu la WhatsApp. Lakini matokeo yake ni kwamba familia mia nane zinakaa kizani kwa ajili ya familia moja au mbili, na kila mmoja kati ya hao mia nane ana uhakika ni yeye. Hii nairudia kwa kila mteja: kambi nzima ikinyamaza kwa pamoja, kimya hicho hakimsemi mtu wako. Wapigie wake wawili watatu wa askari wenzake, kama na wao hawapati mtu basi ni la kambi. Kama wenzako wote wanaongea na waume zao na wako peke yake hapatikani siku ya tatu, hapo sasa tumia ile namba ya kikosi uliyoachiwa. Hukuachiwa? Ndo maana nasema mambo haya yapangwe kabla ya begi kufungwa.

Wale waliokuwa na watu Kongo Desemba 2017 wanajua naongelea nini. Tarehe 7 jioni kituo cha Semuliki, upande wa Beni, kikashambuliwa na waasi wa ADF. Taarifa za mwanzo zikataja Watanzania 14 waliouawa, baadaye ikawa 15, majeruhi zaidi ya 40, na mpaka uchunguzi wa Umoja wa Mataifa unatolewa taarifa mwaka 2018 kulikuwa na mmoja bado hajapatikana. Fikiria familia iliyokuwa inafuatilia kwa simu, namba inabadilika, majina hayajatoka, na kwenye magrupu kuna mtu yuko Mbeya huko hajui hata Beni iko wapi anatuma orodha "nimeipata kwa afande mmoja". Januari 2025 hali ilikuwa ileile kwa namna nyingine. Waasi wa M23 walipoingia Goma umeme ukakatika, maji yakakatika, uwanja wa ndege ukafungwa, na askari wetu wa ile misheni ya SADC wakiwa humohumo. Huku nyumbani simu zimejaa vidio, nyingine za siku hiyo, nyingine za vita vya miaka iliyopita, nyingine wala sio Kongo. Wakenya nao wana la kwao, El Adde, kambi yao kule Somalia iliyoshambuliwa na Al-Shabaab Januari 2016, picha zilikuwa zinazunguka mtandaoni na idadi kamili ya waliokufa serikali haikuitoa.

Ushauri wangu kwa siku kama hizo ni mkavu. Chagua mtu mmoja kwenye familia awe ndo anayepokea taarifa, awe na moyo mgumu kidogo, shemeji au kaka mtu, na wengine wote wasubiri kwake. Toka kwenye grupu lolote linalotuma vidio, utarudi baadaye. Na taarifa ya kifo jeshi halikutumii kwa meseji, wanakuja watu nyumbani. Mpaka waje, hujafiwa.

Kuna mama mmoja msomi wa Marekani, Pauline Boss, alifanya kazi na familia za askari waliopotea vita vya Vietnam, akaona kitu kinachotusaidia mpaka leo, kwamba mtu akiwa hayupo kwa mwili lakini yupo nyumbani kwa mawazo, familia inaganda, haiendi mbele wala nyuma. Yeye alikuwa anaongelea waliopotea kabisa, ila naona kipande kidogo cha hali hiyo kwenye kila nyumba yenye mtu misheni. Kiti cha baba hakikaliwi. Mama hawezi kumhamisha mtoto shule bila kumuuliza baba, na baba hapatikani mpaka Alhamisi, na shule inataka jibu leo. Amueni mapema mambo gani mama anaamua peke yake na baba akisikia anasema sawa hata kama roho haitaki.

Simu zikiwa zinapatikana vizuri nazo zina matatizo yake. Miaka ya themanini mtu alikuwa anapata barua moja, anaisoma mpaka inachakaa, ugomvi ulioandikwa mwezi uliopita umeshaisha wenyewe. Sasa hivi mama mkwe akigombana na mke wa askari saa nne asubuhi, saa nne na nusu askari yuko lindoni huko Beni ameshaletewa kesi zote mbili, ya mama na ya mke, na hana la kufanya zaidi ya kukasirika na bunduki mkononi. Siungi mkono kumpigia kila siku. Wanandoa ninaowaona wametulia ni wale wenye siku zao, tuseme Jumatano na Jumapili, katikati wanatumiana voisi fupi tu bila kudai jibu.

Na voisi nazisifia sana kuliko vidio kol. Vidio inakula bando, inakwama, unabaki unaangalia paji la uso lililoganda na kusema "halo halo unanisikia?" dakika tano zimeisha. Voisi inaenda hata mtandao ukiwa dhaifu, na inabaki. Watoto wadogo wa miaka miwili mitatu kwenye vidio wanasumbua, mmoja nilimwona hapa ofisini, baba anaita kwenye skrini mtoto akageuza simu akaangalia nyuma yake kumtafuta baba yuko wapi, hakumkuta, akaitupa akaenda kucheza, na baba wa watu kule akavunjika moyo kabisa akadhani mtoto amemsahau. Hajamsahau, ni umri. Mtoto yuleyule ukimwekea sauti ya baba akihadithia sungura na fisi kila usiku kabla ya kulala anaijua na ataidai. Askari akipata nafasi kabla hajaondoka arekodi hadithi kadhaa, ziwe kwenye simu ya mama, zitatumika kwenye wiki za porini.

Habari mbaya za nyumbani je, aambiwe? Sisi desturi yetu ni kuficha, "ataambiwa akirudi". Naelewa nia, mtu yuko vitani usimchanganye. Ila ufiche vipi zama hizi? Mama yake anafariki Jumatatu, familia imekaa kikao imekubaliana asiambiwe, saa sita mchana binamu yake wa Arusha ameshaweka picha kwenye status na mshumaa na "pumzika kwa amani mama mkubwa". Anaiona akiwa kwenye foleni ya chakula. Hapo amefiwa na amedanganywa kwa siku moja, na kila ukimwambia "huku tuko salama" baada ya hapo hakuamini tena. Msiba apewe, apewe mapema, na ikiwezekana kwanza aambiwe kiongozi wake au kasisi au shehe wa kikosi ili awe na mtu pembeni yake. Ugonjwa wa mtoto mwambie ukiwa umeshafika hospitali na una la kueleza, sio saa nane usiku ukiwa njiani unalia. Bomba limepasuka jikoni, hilo malizana na fundi.

Hela nitapita haraka tu. Posho ya misheni inajulikana na ukoo mzima na kila mtu ana shida yake, basi mazungumzo ya hela yawekewe siku yake na yaandikwe kwa meseji sio kwa sauti, maana sauti inapandisha hasira na meseji unaweza kuirudia ukaona nani alisema laki tatu. Na matapeli wapo, mtu anapiga anajifanya afande, mumeo ameumia tuma hela ya ndege, au lipia kibali cha likizo. Hakuna jeshi wala UN inayodai familia hela ili askari apate likizo au matibabu. Kata simu, piga ile namba ya kikosi.

La usalama wengi wanalichukulia kama jeshi linajishaua. Mwishoni mwa 2017 ile programu ya mazoezi ya Strava ilitoa ramani ya watu wanaokimbia duniani, Januari 2018 watu wakagundua inachora kambi za kijeshi, maana askari walikuwa wanakimbia jioni kuzunguka ua na saa za mkononi zinarekodi. Hakuna aliyekusudia. Kwa hiyo usimuulize kesho mnaenda wapi, picha akikutumia nyuma kuna mnara na magari usiiweke status hata kama amependeza, na tarehe ya kurudi usiitangaze.

Hasa hiyo ya kurudi. Misheni za UN kawaida ni mwaka, lakini ndege ya zamu inaweza kusogea wiki, inaweza kusogea mwezi, wanaowapokea hawajafika, kibali hakijatoka. Watu wazima wanavumilia, mtoto wa darasa la pili aliyekata siku kwenye kalenda havumilii, na hasira zake atamtolea mama. Mtoto mwambieni akiwa amepanda ndege. Mama mkwe naye hivyohivyo, maana ukimwambia wiki mbili kabla, ng'ombe ameshanunuliwa na kijiji kizima kinajua tarehe.