Gari la kwanza la anayejifunza udereva: usimalize fedha zote kwenye kununua

Kazi yangu ni kukagua magari yaliyotumika kabla mnunuzi hajatoa fedha. Wengi wanaoniita huwa wameshalichagua gari. Rangi imewavutia, rimu zinang'aa, na muuzaji amewaambia kuna mtu mwingine analitaka, atakuja jioni. Kilichobaki ni fundi aseme ndiyo. Nikiambiwa gari ni la mtu anayejifunza udereva, naanza na swali ambalo halihusu gari lenyewe: ukishalipia, mfukoni utabaki na kiasi gani?

Nauliza hivyo kwa sababu gari lililotumika, hata likiwa zuri, siku unayolinunua bado linadai. Linadai oili na filta, linadai mafuta ya breki, pengine matairi mawili, pengine betri, pengine mkanda wa taimingi. Kuna bima, ambayo kwa dereva mgeni mara nyingi huwa juu kuliko kwa aliyeendesha miaka mingi bila ajali. Kuna usajili. Mimi huwashauri watu wagawe fedha zao mafungu manne, matatu yanunue gari na la nne lisiguswe hata muuzaji akilia. Aliyemaliza fedha zote kwenye kununua ndiye baadaye anayeambiwa pedi za breki zimekwisha na kujibu, "Subiri mwisho wa mwezi." Wakati huo kwenye usukani amekaa mtu ambaye bado hajajua gari linahitaji umbali gani ili lisimame.

Jambo la pili ambalo watu hawalifikirii ni kwamba anayejifunza hulitumia gari kwa namna yake. Anaachia klachi polepole mno huku amekanyaga mafuta, au anaiachia ghafla na gari linazima. Anafunga breki kwa nguvu pale ambapo mzoefu angeondoa tu mguu kwenye mafuta. Akiegesha, tairi linapanda ukingo wa barabara. Safari zake ni fupi, injini haipati moto vizuri. Huko ndiko kujifunza kulivyo, wala hakuna wa kulaumiwa. Kwa hiyo chagua gari ambalo klachi yake, pedi zake, bushi zake (vipande vya mpira kwenye viungo vya chini ya gari) na matairi yake vinapatikana kwa urahisi na kwa bei ya kawaida. Kabla hujaenda kuona gari lolote, ingia duka la spea uulize bei ya vitu hivyo kwa modeli unayoifikiria. Nusu saa hiyo itakufundisha mengi kuliko matangazo yote utakayosoma.

Matairi nayaeleza kwa kirefu kidogo, maana hapo ndipo urembo unapowaponza wengi. Soma namba zilizo ubavuni. Tairi lililoandikwa 185/65 R15 lina upana wa milimita 185, na urefu wa ubavu wake ni asilimia 65 ya upana huo, yaani kama milimita 120, likikaa kwenye rimu ya inchi 15. Lililoandikwa 215/45 R17 ni pana zaidi, lakini ubavu wake ni kama milimita 97 tu. Mwanafunzi akipanda ukingo au akiingia shimo, ule ubavu mrefu ndio unaomeza pigo. Ubavu mfupi hulipeleka pigo kwenye rimu na kwenye bushi, na gari huanza kuvuta upande. Isitoshe, matairi ya rimu kubwa kwa kawaida ni ghali zaidi. Gari lile lile likiwa na rimu ndogo za kiwandani ndilo ninalompa mwanafunzi.

Angalia pia umri wa tairi. Kwenye msimbo unaoanza na DOT, tarakimu nne za mwisho ni wiki na mwaka wa kutengenezwa: 2319 ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Nimeona matairi yenye kashata, yaani ile michoro iliyochimbwa usoni mwa tairi, nzuri kabisa ilhali mpira umezeeka na kupasuka nyufa nyembamba ubavuni, kwa kuwa gari lilikuwa limeegeshwa tu. Kashata yenyewe, nchi nyingi zimeweka kina cha chini kuwa milimita 1.6, lakini kwenye barabara yenye maji tairi hupoteza uwezo wa kushika kabla halijafika huko.

Injini iwe ya kawaida. Lita 1.0 hadi 1.5, ya petroli, isiyo na tabo (kifaa cha kuisukumia injini hewa zaidi), inamtosha anayeanza, na vitu vya kuharibika ni vichache. Dizeli ya miaka ya karibuni siipendekezi kwa mwanafunzi, pamoja na kwamba hula mafuta kidogo. Ekzosi yake ina chujio la masizi linalojisafisha kwa kuyachoma, na ili yaungue ekzosi lazima ipate joto la kutosha kwa muda. Safari za dakika kumi kumi haziipi joto hilo. Chujio huziba, taa huwaka, na bili yake huuma.

Ila usikimbilie gari dogo kuliko yote. Magari mawili yanapogongana, jepesi ndilo linaloumia zaidi, na waliomo humo vilevile; hiyo ni fizikia, haina upendeleo. Kati ya kigari kidogo kabisa na hachibeki (gari lenye mlango wa nyuma unaofunguka pamoja na kioo) ya kawaida iliyozeeka miaka miwili zaidi, mimi nachukua hachibeki, mradi iwe na vitu viwili ambavyo sivibadilishi kwa bei yoyote: ABS na mfumo wa kudhibiti utulivu wa gari, ambao mara nyingi huandikwa ESC au ESP. ABS huzuia magurudumu yasijifunge, ili dereva aliyebana breki kwa hofu aweze bado kukata usukani na kukwepa. ESC yenyewe hubana breki ya gurudumu moja moja pale gari linapoanza kuserereka, kabla dereva hajajua kinachoendelea. Marekani iliulazimisha mfumo huo kwa magari madogo yote mapya kuanzia modeli za mwaka 2012, na Umoja wa Ulaya kwa magari mapya yote kuanzia Novemba 2014. Ya kabla ya hapo mengine yanao, mengine hayana, hata modeli ikiwa ile ile, kwa hiyo lihakikishe lile gari unaloliangalia.

Uhakika unauanzia kwenye dashibodi. Fungua swichi bila kuwasha injini. Taa za ABS, za mfuko wa hewa na za injini lazima ziwake, kisha zizime, ya injini ikisubiri hadi injini iwake. Taa isiyozima inaonyesha hitilafu. Taa isiyowaka kabisa inanitia wasiwasi zaidi, kwa sababu kuna watu hung'oa balbu au kukata waya ili kasoro isionekane. Halafu vuta kila mkanda wa kiti mpaka mwisho wake, uutazame kama umechanika nyuzi, uuachie, uushtue kwa mkono: lazima ujifunge papo hapo. Mkanda huu wa pointi tatu aliubuni mhandisi Nils Bohlin wa Volvo mwaka 1959, na hadi leo hakuna kifaa ndani ya gari kinachookoa maisha mengi kuushinda. Mwishoni mwa mkanda mara nyingi kuna kibandiko chenye tarehe. Mkanda mmoja ukiwa mpya kuliko wenzake, uliza kwa nini. Mara nyingi jibu ni ajali. Vivyo hivyo maandishi madogo kwenye pembe ya kila kioo: kioo kimoja kikitofautiana na vingine, kuna siku kilivunjika.

Nyota za majaribio ya usalama zisome pamoja na mwaka wake. Euro NCAP, taasisi ya Ulaya inayoyagongesha magari kwa majaribio na kuyapa nyota, ilianza kutoa matokeo mwaka 1997 na imekuwa ikikaza masharti tangu hapo, kwa hiyo nyota tano za mwaka 2005 na nyota tano za mwaka 2015 si kipimo kimoja.

Sasa mwite mwanafunzi mwenyewe akae. Nasema mwenyewe, si mzazi wala mjomba anayelipa. Akikanyaga klachi na breki hadi chini, goti libaki limekunjika kidogo. Viganja vyake vifike juu ya usukani bila mgongo kubanduka kwenye kiti. Je, anaona boneti inaishia wapi? Akigeuka nyuma, anaona kioo cha nyuma au anaona vichwa vya viti na nguzo pana? Mwanafunzi asiyejua pembe za gari ziko wapi hujawa na woga, na woga humfanya ashike usukani kwa kuukaba. Magari mengi ya kisasa yenye umbo la kuvutia yana madirisha membamba nyuma. Hapo gari la zamani kidogo, la mraba mraba, hulishinda jipya.

Gia ya mkono au otomatiki? Anza na sheria ya mahali unapochukulia leseni, maana nchi kadhaa humzuia aliyefanya mtihani kwa otomatiki asiendeshe gari la gia za mkono. Otomatiki humpunguzia mwanafunzi kazi ili macho yake yabaki barabarani, na hilo nalithamini sana. Lakini giaboksi ya otomatiki ikifa, hasa ya aina ya CVT (isiyo na gia za hatua), kwa gari la bei nafuu huwa ndio mwisho wake. Kama huna kumbukumbu za kubadilishwa oili ya giaboksi, chukua ya mkono.

Siku ya kukagua, mwambie muuzaji asiliwashe gari kabla hujafika. Ukifika, gusa boneti. Ikiwa ya moto, kuna kitu hakutaka ukione, kwa sababu injini mbovu husema ukweli ikiwa baridi. Fungua kifuniko cha oili utazame chini yake: utando mzito wa rangi ya maziwa unaweza kuwa maji yamechanganyika na oili kupitia gasketi ya silinda hedi, ile inayoziba kati ya sehemu ya juu ya injini na bloku yake. Gari la safari fupi huweza kuwa na utando kidogo wa unyevu tu, kwa hiyo angalia na rejeta pia, injini ikiwa bado ya baridi. Ya moto usiifungue kamwe, maji yatakuunguza. Maji yenye mafuta juu, ondoka. Kisha liwashe, mwenzako asimame nyuma. Moshi wa bluu ni oili inaungua, mweusi ni petroli nyingi mno, na mweupe mzito usioisha baada ya injini kupata moto ni maji yanaingia kwenye silinda.

Barabarani, klachi ijaribu hivi: mahali tambarare pasipo na magari, nenda mwendo mdogo katika gia ya nne, kisha kanyaga mafuta. Mlio wa injini ukipanda na mwendo usipande, klachi inateleza na haitafika mbali mikononi mwa mwanafunzi. Usiikatae gari kwa hilo peke yake. Ulizia bei ya klachi na kazi yake, uitoe kwenye bei. Breki zijaribu kwa mwendo wa kama kilomita 40 kwa saa, mikono ikiushika usukani kwa wepesi. Gari likivuta upande, breki za magurudumu hazifanyi kazi sawa. Usukani ukitetemeka, diski zimepinda. Mafuta ya breki badilisha hata kama muuzaji anaapa ni mapya: hunyonya unyevu kadiri miaka inavyokwenda, na yakipata joto kali maji hayo huchemka na kanyagio linazama chini bila breki kushika. Kila miaka miwili ni utaratibu wa kawaida.

Kilomita za dashibodi usizisome peke yake. Mpira wa kanyagio la breki uliolika hadi chuma na usukani uliochubuka havilingani na gari linalodai kutembea kilomita 50,000. Kitabu cha sevisi chenye mihuri na risiti kina thamani kuliko namba hiyo, na gari lenye kilomita nyingi lililotunzwa nalipendelea kuliko lenye kilomita chache lisilo na karatasi hata moja.

Mwisho, namba ya chesisi. Kwa magari mengi huwa na herufi na tarakimu 17 kwa jumla. Ilinganishe ilivyo chini ya kioo cha mbele, kwenye bodi na kwenye nyaraka; ikitofautiana hata tarakimu moja, usitoe fedha. Ikilingana, iingize kwenye tovuti ya mtengenezaji uone kama gari limeitwa kiwandani kwa marekebisho. Mifuko ya hewa ya Takata, kampuni ya Japani iliyoitengenezea viwanda vingi vya magari, ndiyo iliyoitisha magari mengi kuliko tatizo lolote: makumi ya mamilioni, ya kampuni nyingi tofauti, kwa sababu kemikali ya kuujaza mfuko iliharibika kwa joto na unyevu na kuweza kupasua chuma chake, vipande vikamrukia dereva. Magari hayo bado yanauzwa, na mengi yako katika bei ambayo mwanafunzi anaimudu. Kubadilishiwa kifaa hicho ni bure, kwa hiyo ukilikuta gari lako kwenye orodha, panga siku na wakala wa mtengenezaji, na mafunzo yaanze baada ya kazi hiyo kufanyika.